Usiku ndani ya Liemba

Ukitaka kulijua Ziwa Tanganyika, ulipanda meli Kigoma ukashukia Mpulungu, Zambia. Mimi nilisafiri na MV Liemba, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913. Wajerumani wenyewe waliizamisha 1916, ikaopolewa, ikarudi kazini 1927!

Lakini usiku ndio wenyewe. Vijiji vingi havina gati. Honi ikilia, mitumbwi inaifuata meli gizani, tochi zinamulika, magunia ya dagaa yanapandishwa, kina mama wanavutwa mikono juu na watoto mgongoni. Sikulala, wala sikutaka kulala. Kasanga tukaiaga Tanzania. Wenzangu wengi walikuwa wafanyabiashara, na kwa watu wa mwambao ule meli ndiyo barabara. Naomba sana wasiikose.