Nilivyopata mshahara wa kutaja Nairobi

Kwenye usaili wangu wa kwanza wa uhasibu Nairobi niliulizwa nataka mshahara gani. Nikachukua ule wa Arusha, nikaugeuza kuwa shilingi za Kenya, nikaongeza kidogo. Walipokubali papo hapo, nikajua nimejipunja. Kazi hiyo sikwenda.

Usaili wa pili nilianza na matumizi. Nilimpigia binamu yangu anayeishi Rongai, tukaandika kodi ya nyumba, nauli ya matatu kila siku, chakula, na safari za kurudi nyumbani kupitia Namanga. Hicho kikawa kiasi cha kubaki mkononi. Kisha nikajumlishia juu yake makato ya mshahara ya Kenya, na hapa ndipo Watanzania wengi tunapoumia: bima ya afya asilimia 2.75, tozo ya nyumba asilimia 1.5, NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii), halafu PAYE, yaani kodi ya mapato inayokatwa kwenye mshahara, inayoanza asilimia 10 lakini inafika 25 na 30 upesi sana. Nikataja mshahara kabla ya makato.

Kibali cha kazi nilitaka kiandikwe kwenye mkataba: mwajiri aombe, mwajiri alipe. Walijadili siku tatu, wakakubali yote mawili, mshahara na kibali.