Nilivyohamisha mzigo kutoka kwenye keria hadi mgongoni

Kwa miaka mingi safari kwangu ilikuwa ni baiskeli. Sisi wa Tanga tumekua nayo. Mji wetu ni tambarare, na mtu akishazoea kwenda nayo kazini na sokoni, kuifunga mabegi na kushika njia ya Pangani au Horohoro si jambo la kumtisha. Nililala nilikofikia, kesho yake nikaendelea.

Kilichonifanya niiegeshe ni barabara. Kipande cha Muheza hadi Segera kina mabasi na malori yanayokimbia, na pembeni hakuna pa kukimbilia ila majani. Siku moja basi lililokuwa linalipita lori lilinisukumia humo kwenye majani. Sikuumia, lakini nilikaa pale muda mrefu kabla miguu haijanikubalia kusimama. Kusafiri sikutaka kuacha. Nilitaka njia isiyo na magari, na milima ya Usambara imejaa njia hizo: vijia vya kwenda shamba, mtoni, shuleni na gulioni, ambavyo baiskeli yenye mizigo haivipiti.

Nilinunua shanta kubwa kwenye mitumba, nikatia humo kila kitu nilichokuwa nabeba kwenye baiskeli, nikaenda kupima dukani kwa jirani. Kilo 21. Kwenye keria uzito huo nilikuwa nausahau mara tu tairi zikianza kuzunguka. Mgongoni hausahauliki hata dakika moja. Watembeaji wengi wanashauri mzigo usizidi moja ya tano ya uzito wa mwili. Mimi nina kilo 68, kwa hiyo ukomo wangu ni kilo 13 na nusu hivi, chakula na maji vikiwemo.

Vya baiskeli vilitoka bila mjadala: pampu, tyubu, spana, mafuta ya mnyororo, kufuli. Suruali ya jinzi ikafuata, maana ikilowa haikauki leo wala kesho. Hema na jiko ndivyo nilivyovifikiria sana, kwa sababu navipenda. Lakini njia ya Lushoto kwenda Mtae inapita vijiji vyenye nyumba za wageni na mama ntilie, na Rangwi masista wanapokea wageni. Nikaviacha. Maji nilipunguza hadi lita mbili, kwa kuwa kila lita ni kilo nzima, nikaongeza vidonge vya kutibia maji ya njiani. Sweta sikuigusa: mwezi wa saba Lushoto ni baridi ya kweli, na sisi wa pwani hatuna ngozi ya baridi hiyo.

Kupanga mzigo nako ni kinyume. Kwenye baiskeli kizito kinakaa chini, karibu na ardhi, ili isiyumbe. Kwenye shanta kizito kinakaa katikati, kikigusa mgongo, na nguo ya kulalia ndiyo inakwenda chini kabisa. Ukiweka kizito mbali na mgongo, kinakuvuta nyuma siku nzima. Halafu kuna mkanda wa kiunoni. Wengi huufunga tumboni kama mshipi wa suruali, na hapo haufanyi kazi. Legeza mikanda yote, vaa shanta, kaza kwanza ule wa chini juu ya mifupa ya nyonga, ndipo uvute ya mabegani. Ukifunga hivyo, nyonga ndizo zinazobeba, na mabega yanashikilia tu. Unaweza kupitisha vidole chini ya mkanda wa begani bila shida.

Mwili niliuandaa Amani, kwenye njia inayopanda msituni kutoka Zigi hadi kule ambako Wajerumani walianzisha kituo chao cha utafiti wa kilimo mwaka 1902. Mapafu na mapaja nilikuwa nayo kutokana na baiskeli, na kupanda hakukunisumbua. Kushuka ndiko kulikonifundisha adabu. Mwendesha baiskeli anajua mteremko ni mapumziko: unaacha kupiga pedali, upepo unakupiga, umeshafika. Kwa miguu, kila hatua ya kushuka paja linazuia uzito wako na wa mzigo, na kesho yake hata kukaa kitini ni kazi. Nikawa napanda na dumu la maji ndani ya shanta, nikifika juu nayamwaga. Baada ya wiki kadhaa nikaanza kushuka nayo kidogo kidogo. Kwa nyayo, nilivaa viatu vilivyozidi kipimo changu kidogo, maana mguu unavimba, na nilibandika plasta kisiginoni asubuhi kabla lengelenge halijaota.

Lushoto niliondoka na kijana mwenyeji anayeijua njia. Ule msitu wa juu ni Hifadhi ya Mazingira Asilia Magamba, iko chini ya TFS, wakala wa serikali wa misitu, na kiingilio chake kinalipiwa. Mbega walikuwa juu ya miti, weusi na manyoya yao meupe mabegani. Baada ya msitu ni mabonde ya kabichi na viazi, na hapo tulikutana na bibi aliyebeba kuni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Na mzigo wote huo unakwenda wapi?"

"Rangwi, bibi."

Akanitazama miguu. "Hatua zako ndefu. Mlima hauendwi hivyo."

Akatangulia. Kuni zilitulia kichwani juu ya kata, na kila mguu ulitua karibu kabisa na mwenzake, penye mwinuko na penye tambarare mwendo ule ule. Nikamfuata nikifupisha hatua zangu zilingane na zake, na pumzi ikarudi. Kwenye baiskeli ningekuwa nimeshabadilisha gia zamani. Hatua fupi ndiyo gia ndogo ya mtembeaji, na ninaitumia hadi leo. Tulipoachana njia panda nilimshukuru sana.

Kwa siku nilikuwa nakwenda kilomita 15, nyingine hata hazifiki. Kwa baiskeli huo ni mwendo wa kabla ya chai. Ila kwa mwendo huu watu wanakusalimia na mnasimama mkaongea, unaulizwa wewe ni wa nani. Mtae, kijiji kilichokaa kwenye ncha ya mlima, nilisimama ukingoni nikaona tambarare ya Mkomazi yote chini na milima ya Upare kwa mbali.

Basi la kurudi linaondoka alfajiri, bado giza. Na baiskeli ningekuwa nafungua matairi, napatana na konda bei ya mzigo, nahofia rimu kupinda kwenye buti. Nilipanda na shanta langu, nikaliweka mapajani, nikalala hadi Soni.

Baiskeli bado ninayo, na njia ya Pangani naiendea hiyo hiyo. Huko magari ni machache.