Yago

Tulipopanda pikapu, baba mdogo aliniwekea tunda la yago mapajani akasema, "Mshike vizuri, barabara ni mbaya." Hakusema lishike. Mama alilisikia neno hilo kama nilivyolisikia mimi, akageuka akatazama nje.

Ilikuwa Desemba 1999. Tulikuwa tunatoka Kisumu kwenda Seme kumzika kaka yangu, na kaka yangu hatukuwa naye.

Alikuwa mvuvi wa omena pale Dunga, kwenye Ziwa Victoria. Omena huvuliwa usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, kwa taa za karabai zinazoelea majini ili samaki wajikusanye penye mwanga. Usiku mmoja wa mwaka 1998 upepo ulivuma, boti ikapinduka. Wenzake wawili waliokolewa. Yeye hakuonekana.

Wavuvi walituambia tungoje siku ya tatu, kwamba ziwa humtoa mtu siku ya tatu. Lakini mwaka ule gugumaji lilikuwa limeifunika Ghuba ya Winam; ukisimama bichi ungedhani unatazama shamba la sukuma wiki linalopumua. Boti za kumtafuta zilikwama humo. Siku ya tatu ikapita, na ya kumi. Mama akawa na hesabu yake: mwanangu yuko chini ya gugu, gugu likiondoka ataonekana.

Na gugu likaondoka. Mwaka uliofuata lilianza kuzama, wengine wakiwasifu fukusi walioletwa kulila, wengine wakisema ni mawimbi ya El Niño. Mama alishuka Dunga kila alfajiri kabla ya kwenda sokoni. Maji yalizidi kuwa meupe, na hayakutoa kitu. Nadhani siku hizo zilimuumiza kuliko ile ya kwanza. Gugu lilikuwa linatusaidia kungoja.

Shemeji yangu naye hakuwa mke wala mjane. Ofisi moja alikokwenda kuulizia akiba ya mumewe ilidai cheti cha kifo. Cheti bila maiti hakipatikani hivi hivi. Sheria inataka mtu asisikike kwa miaka 7 kwa watu wake ndipo adhaniwe amekufa. Miaka 7! Mtoto aliyekuwa mgongoni siku ile angekuwa ameshaanza shule.

Ndipo wazee wa Seme wakasema tuzike yago. Ni tunda la mwegea, na Wajaluo hulizika mahali pa mtu ambaye mwili wake haukupatikana. Mama ni Mmaragoli, ndiyo maana nyumbani kwetu tulizungumza Kiswahili, na aliwajibu kwa Kiswahili: "Mimi sikuzaa tunda." Wakamwacha. Baada ya wiki mbili akasema haya, fanyeni, ila hilo lenu msiliingize nyumbani kwangu.

Lilikuwa refu kuliko mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole, rangi ya vumbi, ngozi ngumu yenye vipele. Kikonyo chake kilikatwa kwa panga na bado kilikuwa kibichi. Tulipofika Kombewa miguu yangu ilikuwa imekufa ganzi, lakini sikuweza kuliweka chini. Kumweka chini. Mimi pia neno lilinishinda.

Kaburini baba mdogo aliomba shati la marehemu la kulivika. Mama alifungua mkoba, akatoa shati la kijani, akalitazama, kisha akatoa sindano na uzi. Kifungo cha pili kutoka juu kilikuwa hakipo. Watu wote tulisimama juani tukimngoja ashone. Alikaza uzi mara tatu, akaukata kwa meno, akampa shati bila kumtazama usoni.

Mazishi yenyewe hayakuchukua muda. Mama hakusogea karibu. Tulipomfuata chini ya mwembe aliuliza, "Mmelifukia?"

"Tumemzika, shemeji," akajibu baba mdogo.

"Nimeuliza kama mmelifukia."

"Tumelifukia."

Ni njiani tukirudi ndipo nilipokumbuka kuwa kaka hakulipenda shati lile. Lilimbana mabegani, na tangu aoe hakulivaa tena. Alilopenda ni shati jeupe la Krismasi. Hilo nilikuja kuliona Jumamosi iliyofuata, kwenye kamba nyuma ya nyumba, limefuliwa, linachuruzika maji.