Ovataimu kila siku haiongezi kazi, inaongeza makosa

Mi naomba niseme hili wazi maana linaniuma sana, mtu anayetoka ofisini saa tatu usiku kila siku si lazima awe ndo anazalisha kuliko wenzake. Nimemshuhudia mhasibu mzuri kabisa, makini, usiku macho yameshaiva anaingiza namba kwenye kompyuta, akaruka mstari mmoja tu, basi kila kitu chini yake kikahama, jumla ikagoma, na kesho yake watu watatu wakakaa mpaka mchana wanatafuta hilo kosa. Huo muda uliopotea hakuna aliyeuandika popote ila ovataimu yake iliandikwa, na bosi akamsifu kwa uchapakazi!

Na haya mambo hayajaanza leo. Kuna mwanauchumi wa Chuo Kikuu cha Stanford, John Pencavel, mwaka 2014 alizipitia upya takwimu za viwanda vya silaha vya Uingereza enzi za Vita Kuu ya Kwanza, akakuta ukishavuka kama masaa 50 kwa wiki kila saa unayoongeza inaleta kidogo zaidi, mpaka mtu wa masaa 70 alikuwa anatoa karibu sawa tu na wa masaa 56. Yaani masaa 14 ya jasho la mtu yameenda bure, na hapo hujahesabu afya. Shirika la Afya Duniani na lile la Kazi, ILO, walisema 2021 kwamba anayepiga masaa 55 na zaidi kwa wiki hatari yake ya kupata kiharusi iko juu kwa asilimia 35 ukilinganisha na wa masaa 35 mpaka 40.

Lakini tusiangalie masaa tu, kuna na mzigo wenyewe unavyogawanywa. Kila ofisi ina yule mmoja ambaye ukimpa kitu kinaisha, sasa zawadi yake ni kupewa kingine, na kingine, mpaka siku anaanza kuchelewa anaambiwa siku hizi umelegea. Hajalegea jamani, amechoka! Na hawa ndo wanaoacha kazi kimyakimya, halafu nafasi yake inahitaji watu wawili.

Halafu meseji za usiku. Ufaransa tangu 2017 kampuni zenye wafanyakazi 50 na kuendelea sheria inazitaka zikae na wafanyakazi wake wazungumzie haki ya kutosumbuliwa baada ya kazi, na mi naona wamefanya la maana, kwa sababu mwili unaweza kuwa nyumbani na mtoto anakuongelesha ila kichwa kiko kwenye ripoti.

Kwa hiyo bosi, kabla hujamuongezea mtu kazi muulize kwanza ana nini mkononi, na mwambie kipi akiweke pembeni. Na ukimwandikia saa nne usiku, malizia na "hii ni ya kesho", maana asipoliona hilo neno atawasha kompyuta saa hiyohiyo.