Kutoka Voi hadi Moshi, kuwatafuta wapendanao wa 1914

Niliondoka Voi kwa matatu ya asubuhi kwenda Taveta. Nina riwaya ninayoiandika, na wapendanao wake walikosa mahali pa kusimama. Binti ni Mtaveta. Kijana ni Mpare wa Ugweno, ng'ambo ya Ziwa Jipe, na Vita vya Kwanza vya Dunia vinapozuka mwaka 1914 yeye tayari ni askari wa Mjerumani.

Barabara ni ya lami, inapita Mwatate na Maktau, karibu na reli ambayo Waingereza waliijenga wakati wa vita ili wafikishe majeshi mpakani. Kusini kuna mlima Kasigau. Mwaka 1915 Waingereza waliwahamisha watu wa Kasigau hadi Malindi kwa kuwatuhumu kuwasaidia Wajerumani, na wengi walifia huko. Niliutazama mlima ule hadi ukapotea nyuma ya vichaka. Binti wangu angejua habari hizo. Angejua pia gharama ya kuonekana na mtu wa upande wa pili.

Salaita ni kilima kifupi, wala hakitishi. Tarehe 12 Februari 1916 wanajeshi wa Afrika Kusini walikishambulia wakarudishwa nyuma, na waliowarudisha wengi wao walikuwa askari Waafrika chini ya bendera ya Mjerumani. Huku husimuliwa pia habari za mwanamke wa Kijerumani aliyejificha ndani ya mbuyu, akiwalenga Waingereza kwa bunduki kulipiza kisasi cha mumewe. Kisa kitamu, lakini mimi namtaka yule ambaye hakuachiwa hata kisa.

Taveta nilikwenda moja kwa moja kwenye makaburi ya kijeshi. Mawe yamepangwa safu kwa safu, majani yamekatwa vizuri, majina yanasomeka. Wapagazi hawana mawe hapo. Sheria ya mwaka 1915 iliwaruhusu Waingereza kuwachukua vijana kwa nguvu wakabebe mizigo ya jeshi, na kwa hesabu zao wenyewe waliokufa ni zaidi ya 40,000. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi hayo iliomba radhi kwa kutowakumbuka Waafrika kama ilivyowakumbuka wengine. Nilikaa pale muda mrefu, nikaona kaka wa binti lazima awe mmoja wa wapagazi hao. Basi mpenzi wake anapiga risasi kule, na kaka yake anabeba sanduku la risasi huku, na hakuna kati yao aliyemchukia mwenzake.

Hilo ndilo linaloniumiza katika vita hivi. Mstari ulichorwa mwaka 1886 kwa makubaliano ya Waingereza na Wajerumani, ukaiacha Taveta huku na Moshi kule, kati ya watu waliokuwa wakiuziana na kuoana. Sitawaandika hawa wawili kama maadui waliopendana. Walikuwa majirani, kila mmoja akafikiwa na serikali tofauti.

Nilivuka mpaka Holili, pasipoti ikagongwa muhuri, nikaendelea hadi Moshi, mji ulioanguka mikononi mwa Waingereza Machi 1916. Njiani nilipata kiini cha riwaya. Askari wa Mjerumani walikwenda vitani na wake zao, na watoto pia. Wanawake hao walipika, walibeba vyombo, walizaa njiani, na jeshi lilipohama walihama nalo. Kwa hiyo binti ana njia mbili: abaki na mama ambaye mwanawe wa kiume amechukuliwa, au amfuate mumewe na kwao aitwe mtu wa Mjerumani maisha yake yote. Mimi nataka amfuate. Kutoka Kahe, kusini mwa Moshi, jeshi lile lilirudi kusini, na vita havikuisha kwao hadi Novemba 1918, walipoweka silaha chini Abercorn, ambayo leo ni Mbala, Zambia.

Asubuhi nilikata tiketi ya basi la Same, upande ule ule waliorudi nao, nikaanza sura ya kwanza kwenye kiti cha dirishani kabla hatujatoka stendi.