Usiku wa Kumi na Tano, Kigombe

"Leo mwezi ngapi?" Bibi aliuliza. Alikuwa amekaa kibarazani na ungo mapajani, anachambua mchele. Mjomba, nusu ya mwili wake ikiwa ndani ya buti ya gari, akamjibu, "Tarehe 10, Mama." Bibi akarudi kwenye mchele wake. Mimi nilikuwa nafunga godoro kwa kamba, sikutambua kwamba hakujibiwa.

Ilikuwa Jumamosi, 10 Desemba 2011. Siku moja kabla, nchi ilikuwa imetimiza miaka 50 ya Uhuru, na Ngamiani, hapo Tanga mjini, bendera zilikuwa bado zinapepea. Mjomba alikuja kutoka Dar es Salaam na wanawe wawili, wa miaka 10 na 7, pamoja na hema la kijani la watu wanne aliloazima kwa mfanyakazi mwenzake. Yeye alizaliwa Tanga mjini, akasomea bara, lakini Bibi ni mtu wa Kigombe, kijiji cha pwani kwenye njia ya Pangani, na Mjomba alitaka watoto walale usiku mmoja kwenye mchanga wa kwao Bibi. Nilikuwa na miaka 19. Nilichukuliwa niwaangalie watoto, nami nilifurahi kuliko wao.

Barabara ya Pangani wakati ule ilikuwa vumbi tupu. Tukapita Tongoni, penye msikiti na makaburi ya kale, tukapita mashamba ya mkonge, tukafika kwenye saa kumi na moja na nusu.

Kambi yenyewe ilikuwa uwanja wa mchanga wenye mivinje na minazi, bomba moja, bafu la makuti. Kilichotuvuta macho ni lori kuukuu la buluu lililogeuzwa nyumba. Lilikuwa na dirisha lenye pazia, ngazi ya chuma mlangoni, paneli ya sola juu ya paa. Wenyewe walikuwa Wajerumani wawili, mume na mke, watu wazima wenye mvi, walioingia kutoka Kenya kwa mpaka wa Horohoro. Yule mzee alikuwa amelala chini anasukuma vipande vya mbao mbele ya gurudumu. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa anasawazisha gari, maana ukilala humo na gari limeinama, damu yote inakushukia kichwani.

Mlinzi wa pale alikuwa mzee wa kijijini, kanzu nyeupe, tochi mfukoni.

"Shikamoo babu."

"Marahaba wanangu. Karibuni. Lile lori mimi ndiye niliyeliweka pale. Lilikuwa chini ya mnazi, nikawaambia hapana, nazi ikianguka itatoboa kile kioo cha juu. Na ninyi nitawaonyesha pa kulala."

Hakuwahi kutuonyesha. Jua lilipozama, mwezi ukatoka baharini, upande wa Pemba, na haukuwa mzima. Zaidi ya nusu yake ilikuwa imefunikwa na weusi, na pale penye weusi pana wekundu wa mbali, kama kaa la moto ndani ya majivu. Mdogo wetu akauliza nani ameula. Mwezi ulikuwa umepatwa tangu kabla haujatutokea, na sasa ulikuwa unaachiliwa. Kijijini wakaadhini Magharibi. Mzee akauangalia mwezi, akasema, "Leo kuna swala nyingine baada ya hii," akaondoka haraka haraka. Nimeona mambo mengi baharini tangu siku ile, ila mwezi ukitoka majini umeliwa hivyo sijauona tena.

Mjomba hakutaka kusubiri. Juu kwenye mivinje ardhi ilikuwa na mizizi. Chini mchanga ulikuwa sawa na mgumu kama sakafu. Maji yalikuwa mbali na yanazidi kwenda. Vigingi havikushika, kwa hiyo tukajaza mchanga kwenye mifuko ya rambo, tukafunga kamba za hema kwenye mifuko hiyo na kuifukia. Nyuma yetu, hatua kama sita kuelekea juu, kulikuwa na mstari mrefu wa mwani, vipande vya dafu na ndala moja ya mtoto. Niliukanyaga mstari ule mara kumi nikipeleka vyombo. Mwani ulikuwa bado umelowa.

Tukala changu wa kuchoma na mkate wa ajemi tuliotoka nao mjini. Tukalala.

Kilichoniamsha ni baridi ya visigino. Nikadhani mtoto amekojoa. Nikapapasa, godoro lilikuwa linacheza chini yangu, na sauti ya maji haikuwa tena mbele yetu, ilikuwa pande zote. Mjomba akavuta zipu, ikagoma, imejaa mchanga. Akavuta tena, tena. Nje nikasikia mzee wa kambi anakimbia na tochi, anapiga kelele, "Tokeni! Tokeni! Bamvua hiyo!" Akatufungulia zipu kwa nje, polepole, jino kwa jino, huku maji yakimfika nusu ya muundi. Ilikuwa saa kumi alfajiri. Mwezi ulikuwa mzima, mweupe, juu yetu.

Taa za lori zikawaka zikatumulika. Yule mama wa Kijerumani alishuka ngazi miguu mitupu, akambeba mdogo bila kuuliza, akamwingiza ndani. Nikamfuata na mkubwa. Sijasahau chumba kile. Kila kitu kilikuwa na mahali pake, vikombe vinne vimening'inia kwenye ndoano, jiko la gesi lenye mafiga mawili, meza inayokunjwa ikawa kitanda. Akawavua watoto nguo, akawafunika blanketi. Kisha akakanyaga pampu ndogo ya mguu, maji yakatoka kidogo kidogo hadi yakajaa kikombe kimoja kamili, wala tone halikupotea, akachemsha chai. Hakuwa na Kiswahili zaidi ya karibu na pole. Alisema pole mara nyingi.

Mjomba alikuwa amekaa kwenye ngazi, hema limekumbatiwa kifuani, linachuruzika. Mzee wa kambi alisimama karibu naye.

"Nilirudi mmeshalala," alisema. "Nikaona gari lenu kwenye mivinje, nikajua na ninyi mko pale. Lawama ni yangu."

"Hapana, Mzee. Ni yangu mimi. Ulisema utatuonyesha pa kulala, sikusubiri."

Hapo ndipo nilipopata kuelezwa. Mwezi mpevu na mwezi mwandamo, bahari inakuwa na nguvu, ndiyo bamvua: inakupwa mbali sana na kujaa juu sana, na pwani yetu tofauti ya hayo mawili hupita mita 3. Siku za maji mafu, katikati ya mwezi mmoja na mwingine, tungeweza kulala palepale tusilowe. Na huku kwetu maji ya bamvua hujaa kwenye saa kumi, jioni na alfajiri. Tulifika jioni maji yameanza tu kuondoka.

Nyumbani, Jumapili adhuhuri, Bibi alianika hema kwenye kamba uani. Lilipokauka akalipangusa kwa kiganja, chumvi ikamwagika kama unga.

"Nilipouliza mwezi ngapi," alimwambia Mjomba, "nilidhani unajua. Usiku wa kumi na tano, Mfunguo Nne, mwezi wa Muharram. Nikasema, mwanangu anawapeleka wajukuu wakaone bamvua."

Mjomba hakusema neno. Bibi akamwita mdogo, akamshika mkono wa kulia, akaanza na kidole kidogo: pingili tatu, tatu, tatu. "Mkono mmoja ni pingili kumi na tano. Hapa kwenye kucha ya gumba, bahari imejaa."

Mtoto akahesabu mwenyewe kwa sauti. Alipofika kwenye gumba alisita, akageuka kutazama hema.

"Bibi, na mkono wa pili?"

"Lete."