Gari Lilipolala kwa Tumbo

Mwishoni mwa Novemba 2022, siku chache baada ya dhoruba iliyomwaga karibu mita mbili za theluji katika mji wa Orchard Park, jimbo la New York, nilikwama na gari langu kwenye njia ndogo nje kidogo ya mji huo, nikiwa na shemeji yangu na binti yake wa miaka minne. Amri ya kutoendesha magari ilikuwa imekwisha kuondolewa, na kaskazini mwa Buffalo, tulikokuwa tukiishi, theluji ilikuwa ndogo kuliko hiyo kwa mbali. Ndivyo ilivyo theluji ya ziwani: upepo wa baridi hupita juu ya Ziwa Erie, ambalo maji yake bado yana uvuguvugu uliobaki tangu kiangazi, huzoa unyevu na kuumwaga kwenye ukanda mwembamba, hata mtaa mmoja ukafunikwa hadi madirishani huku wa pili ukipata manyunyu tu.

Nilikosea mahali pa kugeuzia. Magari ya kusukuma theluji yalikuwa yamesafisha katikati ya njia na kuacha tuta pembeni. Nikadhani chini ya tuta lile kuna barabara, kumbe kulikuwa na mtaro. Magurudumu ya kulia yalizama, gari likainama kidogo, nami nikafanya nililozoea tangu nilipojifunza kuendesha kwenye udongo wa Mbeya wakati wa mvua: nikakanyaga mafuta. Katika tope, tairi linaweza kuchimba hadi likafika kwenye udongo mgumu na kushika. Theluji haina wema huo. Tairi likizunguka mahali pamoja huiyeyusha, maji yakaganda tena, na kinachobaki chini yake ni barafu laini kama kioo. Baada ya dakika chache gari zima lilikuwa limelala kwa tumbo juu ya theluji iliyoshindiliwa, na kwa kuwa uzito wake haukuwa tena juu ya magurudumu, kuwa na magurudumu manne yanayovuta hakukunisaidia hata kidogo.

Nilitoka, nikachuchumaa na kuanza kukagua bampa na chini ya injini, nikihofia kwamba sampu ya oili imetoboka. Injini niliiacha ikinguruma ili mtoto asipate baridi. Mzee mmoja alitoka nyumba ya jirani akiwa na chepe, na kabla hata ya salamu aliniamuru nizime gari. Alikwenda moja kwa moja nyuma, akanionyesha kwamba ekzosi ilikuwa imezikwa kabisa ndani ya theluji. Moshi uliokosa njia ya kutoka hupenya chini ya gari na kuingia ndani, na kaboni monoksidi iliyomo haina rangi wala harufu ya kumwamsha aliyesinzia. Nilimgeukia shemeji, nikamwambia, "Shemeji, mtoe mtoto nje sasa hivi." Alimtoa akiwa amemfunga kwenye blanketi, na mzee akawakaribisha sebuleni kwake. Katika yote ya siku ile, hilo la kukagua chuma kabla ya kuwakagua watu ndilo linaloniuma mpaka leo.

Tulichimba kwa muda wa saa moja hivi: kwanza kuizunguka ekzosi, kisha chini ya tumbo la gari, na mwisho nyuma ya kila tairi, ambapo mzee alimwaga mchanga. Nilipunguza upepo wa matairi kidogo, nikaweka gia ya nyuma na kuliacha gari litoke polepole, bila haraka ya mguu.

Ukaguzi wa kweli ulianza hapo. Kijiti cha kupimia oili kilionyesha kiwango kile kile cha asubuhi, na juu ya theluji hapakuwa na tone la oili wala la maji ya rejeta. Kinga ya plastiki chini ya injini ilikuwa imeng'oka upande mmoja. Tuliifunga kwa waya. Lakini nilipofika barabara kuu na kuongeza mwendo, usukani ulianza kutetemeka kwa nguvu, hata nikaamini kwamba ekseli imepinda. Nilisimama kwenye kituo cha mafuta na kuchungulia ndani ya rimu: theluji ilikuwa imejipakia upande mmoja na kuganda, hivyo kila gurudumu lilikuwa limepoteza mizani. Niliibomoa kwa mpini wa brashi ya vioo, nikajaza upepo, na tukafika nyumbani usukani ukiwa umetulia.

Kesho yake fundi alilipandisha gari juu. Raba za ekseli zilikuwa nzima, mipira ya breki pia. Raba moja inayoshikilia ekzosi ndiyo iliyokuwa imekatika, na bomba lenyewe lilikuwa limeshuka. Nilimwomba aanze na hilo, na kinga ya plastiki ingoje.